Kale, Afande

Katika kazi yangu hakuna "yeye". Waziri akisema amechoka, mimi nasema nimechoka. Profesa akisema ana watoto saba, mimi ambaye sikujaliwa hata mmoja nasema kwenye kipaza sauti kwamba nina watoto saba, na watu waliovaa visikilizio ukumbini wanatabasamu kana kwamba wananipongeza. Ndiyo sheria ya kwanza ya ukalimani: unasema "mimi" kwa niaba ya anayesema, wala hujitii katikati. Nimekuwa jenerali, nimekuwa askofu, nimekuwa mkulima wa pamba aliyefilisika, yote hayo nikiwa nimekaa ndani ya kibanda cha kioo na chupa ya maji na peremende za koo. Nimefanya kazi hiyo Arusha, Addis Ababa, Geneva, na miji mingine ambayo nilichokiona ni uwanja wa ndege, hoteli na zulia la ukumbi. Watu wananionea wivu, hasa ndugu zangu wa Jinja. Sijawahi kuwaambia kwamba katika miaka yote hiyo kuna "mimi" moja niliyoisema vibaya, na kwamba ndiyo iliyonipandisha ndege ya kwanza.

Mwezi uliopita nilikuwa Addis Ababa. Wakati wa mapumziko ya chai nikafungua simu, nikakuta ujumbe wa sauti wa Robina. "Afande, Mayi ametuacha. Tunazika Jumamosi. Kama uko mbali, usijisumbue." Mayi ni mama, kwa Kigisu, lugha ya watu wa Mbale, na huyo alikuwa mama mzazi wa Robina, lakini mwaka ule niliokaa Mbale nilimwita hivyo hivyo na mimi. Nikakaa kwenye ngazi za nyuma, pale wanapovutia sigara. Mwenzangu wa kibanda akaja kuniambia kikao kinaanza, akaniona nilivyo, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia mama wa rafiki yangu. Akasema pole sana. Nikaipokea ile pole huku roho ikinisuta, kwa sababu katika watu wote wa kupewa pole kwa ajili ya mama yule, mimi ni wa mwisho.

Robina Nambozo na mimi tulipanga chumba kimoja Nkoma, mtaa wa Mbale, katika nyumba ya mwalimu mstaafu aliyependa kusikiliza mazungumzo yetu kupitia ukuta. Kilikuwa na vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa, redio yangu, na dirisha lililotazama mlima siku mawingu yanapokubali. Tulikuwa tumemaliza chuo na hatujui la kufanya, mpaka akaja Mbale mtu mmoja wa Tanga, Bwana Shaibu, mkuu wa timu ya wakalimani wa mikutano ya kanda. Alikuwa akitafuta vijana wa mashariki mwa Uganda wenye Kiswahili, Kiingereza na lugha moja ya nyumbani. Akatuchukua wachache, akatufundisha kwa wiki kadhaa katika ukumbi wa kukodi, kisha akasema atatujaribu katika mikutano ya hapa hapa, na atakayemridhisha atakwenda naye Arusha. Hakusema "watakaoniridhisha". Robina na mimi sote tulilisikia hilo, na sote tukajitia hamnazo.

Jinsi tulivyojifunza, leo nikiwasimulia vijana wa kazi hawaamini. Tulishusha chandarua cha kitanda cha Robina, tukaingia ndani na redio, tukakiita kibanda. Mtangazaji anasema kwa Kiingereza, mimi nafuata kwa Kiswahili, pumzi moja nyuma yake. Nikichoka namgusa Robina goti, anapokea. Mwalimu wa ukutani akagonga siku moja na kuuliza kama tumeanza kusali dhehebu jipya. Tukatoka tumeloa jasho tukala kikomando, ile chapati ya kukatakata inayochanganywa na maharage, chakula cha wanafunzi na watu wenye haraka. Robina alikuwa mkalimani mzuri kuliko mimi. Nalisema hili sasa kwa kuwa halinigharimu kitu. Sikio lake lilikuwa pana, lilishika mtu anachokisema na anachokiacha. Lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Mbale. Alisema "hii mtu" na "ile watoto", na "r" na "l" zikabadilishana viti. Mimi jina langu ni Mastula, na mwaka mzima aliniita Mastura. Kiswahili changu kilikuwa cha nyumbani. Sisi ni Wanubi wa Jinja, wa Nalufenya, wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan, na watu wetu wanakisema bila kukiomba ruhusa. Kwa hiyo nilikuwa nikimsahihisha. "Chakula, Robina, siyo chakura." Alicheka na kurudia. Darasani Bwana Shaibu aliyasikia hayo, akatabasamu tu.

Siku za Jumamosi tulipanda taksi ya Tororo tukashuka Busiu, kwa Mayi. Nyumba ilikuwa karibu na barabara, ya matofali, viti vya sebuleni vimevikwa vitambaa vyeupe alivyovishona mwenyewe, na nje, kando ya mahali pa kuanikia mahindi, palikuwa na kaburi la mumewe lililosakafiwa. Mayi alikaa ukingoni mwa kaburi lile akipukuchua mahindi, na alikuwa akizungumza naye, marehemu, bila haya yoyote: bei imeshuka, mbuzi ana mimba, Robina amekuja na yule rafiki yake mwembamba. Mara ya kwanza nilipofika, nikamsalimu kwa Kiswahili, kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani. Akasimama papo hapo. Akafuta mikono kwenye gomesi, lile gauni refu la mshipi la wanawake wa kwetu, akatazama chini, akasema, "Kale, afande." Kisha akaenda kuniletea kiti.

Robina alicheka hadi akashika mbavu, na tangu siku hiyo nikawa Afande. Lakini jioni, tukiwa tunaosha vyombo, akanieleza, na hakuwa akicheka. Enzi za utawala wa kijeshi, Kiswahili kilikuwa kinaingia pale nyumbani kikiwa kimevaa buti. Mayi hakukielewa. Alichokijua ni kwamba anayekisema ana bunduki, na kwamba ukijibu "kale, afande" ukatazama chini, mara nyingi wanaondoka. "Yeye hakujua wanasema nini," Robina akasema. "Alijua tu jibu." Mimi nilikuwa na sahani mkononi, na nakumbuka niliona aibu, aibu ya mjukuu wa askari, kwa kosa ambalo sikulifanya mimi. Kuanzia hapo nilimsalimu Mayi kwa Kigisu changu cha kuokoteza, "Mulembe, Mayi," naye akawa ananishika mashavu na kunilisha malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayopikwa kwa karanga, akiniangalia kama yananishuka sawasawa.

Na lile neno "kale" lenyewe lazima nilieleze, maana mtu wa pwani akilisikia atafikiri ni zamani. Kwetu ni la Kiganda, lakini Jinja na Mbale kila mtu analitumia, hata tukizungumza Kiswahili. Ni kama "haya". Na "haya" unajua yenyewe ilivyo: kuna haya ya twende, kuna haya ya nimekusikia, kuna haya ya niondokee mlangoni. Siku moja alikuja jirani kumwomba Mayi amwazime kipande cha shamba. Mayi akasema kale. Jirani akaenda zake. Wiki iliyofuata akarudi, akapewa kiti, akapewa chai, akaomba tena, na Mayi akamkatalia kwa maneno marefu na mazuri. Nikamwuliza Robina, "Si alishakubali?" Robina akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Ile ya kwanza ni ya kumtoa mtu asiaibike," akasema. "Kama anataka jibu, anarudi. Anakaa. Anauliza tena." Kwa hiyo nisijisingizie ujinga. Nilifundishwa, na aliyenifundisha alikuwa na subira.

Mkutano ule ulikuwa Jinja, katika hoteli moja, mwishoni mwa mwaka ule. Kulikuwa na mradi wa kujenga ghala kubwa la mahindi Busiu, kando ya barabara, ili malori ya nchi tatu yapakie hapo. Wafadhili Wazungu walikuja, wafanyabiashara wa Kenya na Tanzania walikuja, na wakulima wachache wa Busiu wakaletwa ili isisemwe kwamba hawakuulizwa. Mayi alikuwa mmoja wao, kwa sababu ghala lilikuwa limechorwa juu ya nyumba yake. Robina alijua wiki moja kabla. Alitaka kumwambia Bwana Shaibu kwamba hapaswi kuingia kibandani siku mama yake anasema. Mimi nikamwambia anyamaze, ataondolewa, na mkutano wenyewe ndio mtihani wetu. Nilisema hivyo kwa kumhurumia, au nilidhani hivyo.

Utaratibu wetu ulikuwa wa kupokezana. Mkulima akisema Kigisu, Robina anakileta kwa Kiswahili. Mimi namsikiliza Robina kwenye kisikilizio, nakitoa kwa Kiingereza kwa Wazungu. Maneno yanapita mikononi mwa watu wawili kabla hayajafika. Asubuhi ile tulikwenda vizuri. Nilikuwa nimefua blauzi yangu nyeupe, na sauti yangu niliisikia mwenyewe ikitoka laini na iliyotulia, na nikajua Bwana Shaibu, kule nyuma, ananisikiliza mimi. Niliacha sikio moja wazi kama alivyotufundisha, ili nisikie ukumbi wenyewe.

Mwendesha mkutano alikuwa Mkenya mrefu, mchangamfu, suti yake ya kaunda rangi ya kaki. Hakusubiri wakalimani. Akachukua kipaza sauti akashuka kutoka jukwaani, akaenda mpaka mbele ya Mayi, akamwinamia, akamwambia kwa Kiswahili chake kizuri: "Mama, mradi utakupa shamba lingine kule chini, kubwa kuliko hili lako. Je, umekubali, au una neno?" Robina akaanza kulitoa kwa Kigisu, lakini kisikilizio cha Mayi kilikuwa kimeteleza shingoni. Alichokiona ni mtu wa kaki. Alichokisikia ni Kiswahili. Akasimama. Akafuta mikono kwenye gomesi, mikono ambayo haikuwa na kitu. Akatazama chini.

"Kale, afande."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kumpenda bibi kizee. Sikio langu lililokuwa wazi lililisikia neno lote. Kisha kwenye kisikilizio nikamsikia Robina akivuta pumzi. Najua alichokuwa akikipima: aseme "afande" mbele ya watu wote hawa, amwonyeshe mama yake kama mtu wa kijijini anayeogopa suti? Akaliacha. Akasema neno moja tu, "Haya." Na mimi, nikiwa na kimya kinachosubiri upande wa Kiingereza, na Bwana Shaibu kule nyuma, nikasema kwa sauti safi kama ya mtangazaji: ndiyo, nakubali, na ninashukuru. Hiyo shukrani niliitoa kwangu. Ilikuja yenyewe, sentensi ilihitaji mkia. Mzungu mwenyekiti akanyanyua uso akatabasamu, akaandika.

Nilimtazama Robina. Alikuwa ameweka kidole kwenye kitufe cha kuzima sauti. Hatukuweza kuzungumza, mkulima mwingine alikuwa amekwisha simama.

Chakula cha mchana kiliwekwa bustanini: pilau, kuku, matoke, saladi ambayo wakulima hawakuigusa. Mayi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, sahani mapajani, anakula kwa furaha. Alitushika mikono, akatusifu kwa kukaa kwenye sanduku la kioo kama watu wakubwa. Kisha akamwuliza Robina jambo kwa Kigisu, na Kigisu changu kilikuwa kimefika mahali pa kulielewa. "Wale watu," aliuliza, "watakuja lini nyumbani kuniuliza?"

Robina akaniambia, "Afande, twende kwa Bwana Shaibu sasa hivi. Tuseme mkalimani anajisahihisha." Hilo ni jambo la kawaida katika kazi yetu, halina aibu. Kikao kikirudi unafungua kipaza sauti unasema mkalimani anajisahihisha, mzungumzaji alisema hivi, siyo vile. Nimelifanya mara nyingi tangu siku hiyo, kwa mambo ya kipuuzi kabisa, tani zilizogeuka kilo, Jumanne iliyogeuka Jumatano. Nilijua Robina ana haki. Nilijua pia Bwana Shaibu yuko foleni ya chakula hatua chache nyuma yetu, na nilikuwa nimemsikia, punde tu, akimwambia mwenye mkutano: "Yule wa Kiingereza ni safi, hatetereki. Mwenzake anaganda." Neno lile lilinishuka tamu kuliko pilau. Nikamwambia Robina, "Kwanza tule."

Tukala. Sikumbuki ladha ya chakula kile, na mimi nakumbuka vyakula vyote. Robina hakumaliza sahani. Alinisubiri. Nilijipakulia mara ya pili bila njaa. Kengele ilipolia akasema, "Sasa?" nikasema mwenyekiti ameshaingia, tutaharibu, tusubiri mwisho. Mwishoni wakasoma maazimio. Mimi ndiye niliyeyatoa kwa Kiswahili, na mojawapo lilisema kwamba wenye ardhi wa Busiu wamekubali kwa hiari kubadilishana mashamba. Nililisoma bila kutetereka. Ukumbi ukapiga makofi. Mayi aliona watu wanapiga makofi, naye akapiga, akigeuka huku na huku kutafuta kibanda chetu kwa macho ili tumwone.

Bwana Shaibu akanichukua Arusha mwezi uliofuata. Mimi peke yangu. Robina alinisindikiza Nkoma mpaka kwenye bodaboda, akanifungia mkoba vizuri nyuma, akasema, "Nenda, Afande. Usisahau Kigisu." Angenitukana ningepata nafuu. Yeye akawa mwalimu Mbale, akaolewa, akazaa. Kwa miaka yote hiyo habari za ghala alinipa kama mtu anavyotoa habari za hali ya hewa. Wamevunja nyumba. Shamba la kule chini ni la kinamasi, mahindi yanaoza miguu. Kaburi la Baba hawakulihamisha, limebaki ndani ya uzio wa ghala, karibu na maegesho ya malori, na Mayi akitaka kwenda kumsalimu lazima aombe mlinzi wa getini. Mlinzi ana sare. Anauliza kwa Kiswahili unataka nini. Nadhani mnajua Mayi alikuwa akimjibu nini.

Nilitoa samahani zangu kwa mbali na kwa mafungu. Nililipa karo ya mtoto mmoja bila kuombwa. Nilituma dawa za presha za Mayi kutoka Ulaya, zikiwa na maandishi ambayo hakuna aliyeyaelewa, Robina akalazimika kumtafuta daktari amwambie ni nini. Kila nilipokwenda Jinja kuwaona ndugu zangu nilisema Mbale ni mbali, na siyo mbali. Nikiwa kibandani, mjumbe akisema "haya", mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha kuzima sauti. Vijana wa kazi wananiita mwangalifu. Wanaandika kwenye madaftari yao jinsi ninavyongoja.

Jumamosi ile nilifika Busiu na gari la kukodi. Turubai zilikuwa zimefungwa kule chini, kwenye shamba la kinamasi, watu wamekanyaga mabua ya mahindi ili wapate pa kukaa. Familia iliomba Mayi azikwe ndani ya uzio, kando ya mumewe. Wenye ghala walijibu kwamba mahali pale ni pa biashara. Kwa hiyo kaburi lilichimbwa hapa, na maji yalikuwa yanachuruzika kwenye kuta zake, vijana wanayachota kwa ndoo. Robina alinikumbatia kwa muda mrefu. Amenenepa, nywele zimeingia mvi, na sauti ni ile ile. "Afande," akasema, "simama na mimi. Wakwe wa binti yangu wametoka Dodoma. Hawasikii Kigisu, na mimi leo sitaki kumzika mama yangu kwa lugha nyingine." Nikasema nitasimama.

Alisema Kigisu, mimi nikasema Kiswahili, pumzi moja nyuma yake, kama ndani ya chandarua. Kigisu sikukisahau. Mwanzo ulikuwa wa kawaida, alizaliwa wapi, aliolewa lini. "Mama yangu alipenda kuzungumza na baba yangu hata baada ya kufa," nikasema, na wakwe wa Dodoma wakatabasamu. "Mama yangu aliogopa Kiswahili." Kisha Robina akaligeukia kaburi, wala hakunitazama.

"Siku moja kule Jinja aliulizwa kuhusu nyumba yake," akasema, nami nikasema. "Akajibu vile alivyokuwa akiwajibu askari. Mimi nilikuwepo. Mimi nilisikia neno lote. Mimi nikatoa nusu yake." Hapo sauti yangu ikakatika. Robina akasubiri, kama msemaji mzuri anavyomsubiri mkalimani wake. Nikasema ile "mimi" iliyobaki. "Wakaandika amekubali. Mama yangu alisubiri waje nyumbani wamwulize tena. Mpaka mwaka huu alikuwa akinunua sukari ya wageni. Wao hawakuja. Na mimi pia sikwenda kumwambia kwamba hawatakuja." Watu wote pale walisikia mkalimani akifanya kazi yake. Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka kwenye kola, na nadhani walisema moyoni, angalia anavyojua kufiwa na mama wa watu. Robina alikuwa amejitwika kosa lote peke yake, kwa lugha yake, halafu akanipa nilibebe kwa lugha yangu. Sijui kama alikusudia. Sikio lake lilikuwa pana siku zote.

Baada ya maziko baba mkwe wa Dodoma akanijia, mzee mpole wa kofia, akanishika mkono. "Dada, umetafsiri vizuri mno," akasema. "Utadhani ni mambo yako." Nikamshukuru. Ningefanya nini?

Robina alikuwa upande wa jikoni, anawapakulia watu posho, ugali wa kwetu, na maharage, ingawa walimwambia akae. Nikasogea karibu naye kwenye moshi. Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeiandaa tangu Addis Ababa, kwa lugha tatu, na yote ikanitoka. Nikasema, "Robina, yule mtu alikuwa mimi. Siyo wewe. Wewe ulisema haya. Mimi ndiye niliyesema nakubali, nikatia na shukrani. Na ulitaka tukarekebishe, nikakwambia kwanza tule. Nisamehe."

Aliendelea kupakua. Akamkabidhi mtoto sahani. Akafuta mikono kwenye gomesi, akatazama chini kwenye sufuria.

"Kale, Afande," akasema.

Miaka yote hii nimelipwa kujua watu wana maana gani. Nilimtazama usoni, nikatafuta: ni haya ya nimekusamehe, au ya nimekusikia, au ya niondokee mlangoni? Na huyo Afande ni mimi, jina langu la utani la Nkoma, au ni yule wa buti? Sentensi ilikuwa imeshaanza kujipanga kichwani mwangu, laini, yenye mkia: amenisamehe, na tumefurahi. Nikaizuia.

"Robina," nikasema, "hiyo kale ni ipi?"

Akanyanyua macho. Alinitazama vile alivyonitazama siku ya yule jirani wa shamba, nikiwa sijui kwa nini maji yanalowesha.

"Si unajua kwetu," akasema. "Mtu akitaka jibu, anarudi. Anakaa."

Ndege yangu ilikuwa kesho yake asubuhi. Kulikuwa na mkutano Geneva, kibanda kimepangwa, jina langu limebandikwa mlangoni. Nikatoa simu pale pale kwenye moshi, nikamwandikia mkuu wa timu atafute mtu mwingine. Kisha nikamwuliza Robina kama kesho atakuwepo nyumbani.

"Nitakuwepo," akasema. "Njoo na sukari."